Haragwe la Baba

Lukozi, Lushoto
14 Februari 1971

Kaka Fanueli, shikamoo.

Mama ameketi hapa mbele yangu akimenya viazi, na amenikataza kuandika la kwangu kabla ya salamu zake. Haya, zipokee: hajambo, goti ni lile lile, ukungu umezidi hata kuni hazikauki, na je, huko kwenye reli mnakula nini? Wifi Secilia hajambo, ameshuka sokoni na kabichi. Mwanao Efrazia hajambo. Meno mawili ya mbele yameng'oka na bado anacheka mdomo wazi, hana aibu hata kidogo. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Tobia wa jirani anasema atakuja huko Mlimba kutafuta kazi, ukimwona usishangae.

Mimi nimehamishiwa shule ya hapa nyumbani. Niliomba mwenyewe, nikajiona mjanja kweli, nitakula cha mama na nitalala kwenye kitanda changu. Kumbe! Wamenipa darasa la kwanza, watoto wamejaa hadi wengine wanakalia dirisha. Vitabu vya hesabu havijafika na vile vibao vya kuandikia vimepasuka. Siku ya kwanza niliwauliza, mbili ukijumlisha na tatu? Wakaimba kwa sauti moja, tano! Nikafurahi. Nikamwambia mmoja, haya nenda nje niletee mawe matano. Akaniletea jiwe moja kubwa, amelikumbatia kwa mikono miwili, anahema. Kaka, nilicheka mpaka nikalazimika kugeukia ubao, halafu nikaona si la kucheka. Wanaijua tano ya mdomoni tu.

Basi nimewatoa nje. Tumechimba mashimo uwanjani, tunagawa maharage. Ninaficha mengine chini ya kibuyu, nawaonyesha yaliyobaki, wananiambia yaliyofichwa ni mangapi. Wanaoupenda zaidi ni mchezo wa kopo: wote wanafumba macho, mimi nadondosha maharage kwenye kopo la mafuta ya kula, moja moja, wanahesabu kwa sikio. Hapo Efrazia hana mpinzani. Nikidondosha mawili kwa pamoja ili nimdanganye, anasema, "Shangazi, hayo mawili." Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Hamisi, alipita akasema, "Mwalimu Rahabu, naona leo mnacheza." Nikamjibu tunacheza hesabu, akaguna akaenda zake.

Sasa la mwisho, na ndilo la kwanza. Ulisema utakuja Krismasi. Mama alikuwekea jogoo, tumemla wenyewe Januari bila hamu. Efrazia anauliza ni Pasaka? Nimwambie nini?

Dada yako,
Rahabu

Mlimba
28 Machi 1971

Dada Rahabu, mwalimu wa maharage,

Marahaba. Barua yako ilinikosa kambi ya kwanza, ikanifuata ya pili, ikanikuta imelowa nusu. Mimi ni mzima. Joto la huku lingewaua ninyi wa ukunguni kwa siku moja, na mbu wake wana adabu kuliko wa Korogwe, wanapiga hodi kwanza. Tunapiga mbao za kumwagia zege ya madaraja. Wachina hawacheki na kazi, ila wakiona randa yangu inavyokwenda wanatikisa kichwa. Mwambie mama tunakula wali mpaka tunauchoka. Msalimie Secilia, mwambie fedha nimempa mtu anayepanda huko.

Nimecheka sana na lile jiwe. Lakini maharage yataoza na panya watayala, kwa hiyo nimekutengenezea kitu cha kudumu. Ni vipande vidogo vya mbao, pande zote sawa, na vijiti vya urefu wa vipande kumi. Panga kumi kando ya kijiti uone kama vinapishana hata unywele. Nimevipiga msasa mwenyewe jioni baada ya kazi ili visimchome mtoto. Mtoto akishika kijiti ajue ameshika kumi, na akishika kimoja ajue ni kimoja, bila kuambiwa. Mwambie Efrazia baba yake ndiye fundi, asije akasema ni Serikali.

Pasaka haitawezekana. Msimamizi hatoi likizo mpaka daraja hili likamilike. Tutaona huko mbele.

Kaka yako,
Fanueli

Lukozi
9 Mei 1971

Kaka, shikamoo.

Mzigo ulifika, dereva wa lori la mboga aliuleta hadi mlangoni. Hakuna kilichopungua. Efrazia amelala na kijiti kimoja mkononi, ukijaribu kukitoa anaamka. Shuleni nimewaambia watoto vimetengenezwa na baba yake Efrazia na tangu hapo mwanao anatembea kifua mbele, hatukai naye nyumbani kwa maringo. Mama hajambo, Secilia hajambo. Fedha alizipata. Alizitia kwenye kanga akaendelea kufua.

Nimeharibu jambo, kaka, ngoja nikusimulie.

Nilibuni mchezo wa nyumba. Kila mtoto alete mbegu za watu wanaolala nyumbani kwao, haragwe kwa mtu mzima, njegere kwa mtoto, azifunge kwenye ganda la mgomba. Uwanjani kila mmoja anachora duara, hiyo ndiyo nyumba yake, anaweka watu wake ndani. Halafu natangaza, nyumba ya Efrazia imekwenda kuisalimia nyumba ya Shabani, jumla wangapi? Wageni wakiondoka, wamebaki wangapi? Ungewaona! Hata yule wa jiwe kubwa alikuwa anatoa na kujumlisha, tena kwa kelele. Ukazuka ugomvi, kwa sababu wale wanaolala kwa bibi zao walikuwa wamehesabiwa kwa bibi na kwa mama. Nikaweka sheria: mtu mmoja mbegu moja, anahesabiwa anakolala. Mara wakamgeukia Efrazia, baba yako mbona umemweka na hayupo? Akawajibu, "Baba yuko safarini. Kitanda chake kipo." Nikaruhusu. Ningefanyaje?

Asubuhi yake akaja Bi Mwanahawa, bibi yake Shabani, na akina mama nyuma yake, na majembe yao begani kwa kuwa walitoka nayo shamba. Hakunisalimu. "Nani amekutuma utuhesabie watoto?"

Kaka, mimi ni mtoto wa hapa! Najua kabisa kwamba kwetu mtu hataji idadi ya watoto wake, akitaja anawaitia kifo. Mwaka wa sensa si nilikuwepo mama alipomjibu karani, "Wapo wa Mungu," karani akaandika anachotaka? Si nilikuwepo wazee waliposimulia kwamba mkoloni alianza kwa kuhesabu nyumba, kisha mbuzi, kisha akawalazimisha watu kuchimba matuta mashambani? Miaka miwili ya chuo imenifuta vyote hivyo kichwani. Niliona maharage tu, na Bi Mwanahawa akaona watu wamelala kwenye vumbi. Aliinama akaokota nyumba ya Shabani, mbegu moja moja, akafunga kwenye upindo wa kanga akaondoka. Wenzake nao wakafanya hivyo.

Mama hakunisemesha siku nzima. Jioni akauliza, "Za nyumba yetu ziko wapi?" Nikampa lile fundo, akalitia kwenye chungu cha mbegu, chini kabisa. Mwalimu Hamisi ameniambia michezo basi, nifundishe kama watu wengine.

Nimefikia mwisho, ila mwanao amesimama hapa ananivuta mkono. Anasema nikuulize nyumba yako ya huko ina mbegu ngapi, anataka kuijumlisha na yetu. Mjibu, tafadhali. Na ujaribu kuja.

Rahabu

Mlimba
30 Juni 1971

Dada Rahabu,

Marahaba, marahaba. Nilikuwa na homa, nimepona, usimwambie mama. Daraja moja limekwisha, tumeanza jingine, huku hakuna kukaa.

Nimewasimulia wenzangu kisa cha majembe, tumecheka hadi machozi. Jamani! Reli inatoboa milima, na huko bado watu wanaogopa njegere! Usinyong'onyee. Mwambie Hamisi vipande vyangu si watu, ni mbao, hakuna atakayekufa kwa mbao. Endelea navyo taratibu, wazee watazoea kama walivyozoea redio. Mama naye mpe muda.

Nimefurahi kwamba Efrazia anajua kutoa na kujumlisha. Mnunulie viatu kwa fedha hizi. Mengine tutaongea nitakapokuja.

Fanueli

Lukozi
11 Agosti 1971

Kaka, shikamoo.

Leo salamu ni fupi. Surua imeingia. Ilianzia bondeni, sasa iko kila kitongoji, na baridi hii ndiyo inaisaidia. Shabani wa Bi Mwanahawa amefariki Jumapili. Tumemzika mvua ikinyesha. Aliyetangulia kufa ni mtoto wa kwa fundi cherehani, naye alikuwa wa darasa langu.

Darasani wamebaki wachache. Wengine si wagonjwa, wamefichwa. Naenda nyumba hadi nyumba na Mwalimu Hamisi kuwasihi wazazi wawapeleke zahanati, wanatufungia mlango. Mmoja alisema mlangoni, ili nisikie, kwamba mtoto akishahesabiwa hata dawa haimpati. Mama hasemi kitu. Kunyamaza kwake kunaniuma kuliko wakinitukana.

Efrazia naye imemshika. Anaendelea. Vipele vimeanza kukauka na jana alikunywa uji. Secilia hatoki pembeni yake.

Kaka, njoo. Sikuambii njoo kama zile siku nyingine. Omba ruhusa, ukikataliwa toroka, kazi nyingine utapata, fundi wewe.

Rahabu

Mlimba
19 Septemba 1971

Rahabu,

Tobia amefika juzi. Nikampokea, nikampa chakula, nikamuuliza habari za nyumbani. Akaangalia sahani. Nikamuuliza tena. Ndipo akaniambia mwanangu haoni.

Haoni! Wewe umeniandikia "anaendelea". Anaendelea na nini? Nilikaa na barua yako mfukoni wiki nzima nikijua mtoto anakunywa uji. Mama yake hajui kuandika, mama hajui kuandika, wewe ndiye jicho langu huko, na umenificha. Kwa nini? Nitakuambia kwa nini. Kwa sababu unajua chanzo.

Nilicheka, ndiyo. Nilicheka kwa sababu niliwafikiria watoto wa watu tu. Na wa kwetu ulimhesabu, tena ukamchezesha kwenye vumbi pamoja na yule Shabani, nyumba moja ikaisalimia nyingine, na tazama zilivyosalimiana. Usiniambie mimi ni mtu wa kisasa. Nimewaona watu wakianguka kutoka darajani asubuhi tuliyokunywa nao chai, na siku hizi nikiingia kazini sihesabu wenzangu. Mama alikuwa anajua. Nani alimsikiliza?

Naandika kwa hasira na siifuti.

Fanueli

Lukozi
10 Oktoba 1971

Fanueli,

Shikamoo. Nakupa kwa sababu ulitangulia kuzaliwa, si kwa sababu ya barua ile.

Mama hajambo. Secilia amekonda. Efrazia ni mzima wa mwili, anakula, anagombana, jana amemuuma mtoto wa jirani. Haoni. Anajua mchana na usiku, basi. Daktari wa macho wa Tanga alimmulika kwa tochi, akasema macho yamepata makovu na makovu hayo hayaondoki. Tulimpeleka mimi na Secilia, tulilala barazani. Secilia alitaka kwanza tukungoje wewe baba mtu uamue. Nikamwambia wifi, tukimngoja huyo, mtoto ataota mvi.

Sikukuandikia kwa sababu niliogopa. Umekisia sawa hapo. Niliogopa utasema hayo hayo uliyoyasema. Sasa umeyasema, na bado niko hai, kwa hiyo nisikilize na mimi.

Surua ilipomshika macho yalivimba yakaziba. Mimi nilikuwa kwenye milango ya watu nawabembeleza wawapeleke watoto zahanati. Niliporudi nilikuta majani yameshakamuliwa machoni mwake na mtoto analia kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Zahanati nesi akauliza kwa ukali, nani amemtia majani huyu? Secilia akaangalia chini. Mama akaangalia ukuta. Nikasema ni mimi. Nesi alinitukana mbele ya watu wote, mwalimu mzima, nikasimama nikatukanwa. Mama alimtia kwa mapenzi, kama bibi yake alivyomtia yeye. Ukimwandikia neno moja juu ya hilo, mimi na wewe basi. Lakini usiniletee tena habari za njegere.

Bi Mwanahawa hanisalimii. Simlaumu. Kila nikipita kwake natamani kuingia, miguu inakataa.

Nikuambie na jambo lililonipa nguvu, maana sina mengi. Efrazia alikataa kubaki nyumbani. Alilia mpaka nikamchukua. Darasani alikaa kimya, watoto wanamwogopa, nami sina cha kumpa, ubaoni ataona nini? Nikamwekea vipande vyako mapajani. Kaka, vidole vyake vilipita juu ya kijiti, vikarudi, akaanza kupanga vidogo kando yake hadi mwisho, akasema, "Hakuna kinachopishana. Baba amevipiga msasa." Sasa anajumlisha kwa mikono haraka kuliko wanaotazama ubao. Mchezo wa kopo umerudi, Mwalimu Hamisi anajifanya hasikii, na anayedondosha ni Efrazia. Watoto wanarudi mmoja mmoja. Na mama, ndiyo, mama mwenyewe, mtoto alipodai mbegu za nyumba yetu alikwenda kwenye chungu, akalitoa lile fundo, akampa.

Tobia ameandikia kwao. Mama yake alituletea barua, na mwanawe mdogo akatusomea wote. Kambi yote ameieleza, wapishi, Wachina, nyoka, ila wewe amekutaja kwa mstari mmoja tu, kwamba umenenepa. Mstari uliofuata msomaji alikohoa akaukunja. Secilia alikuwepo. Aliomba maji ya kunywa.

Mwanao anauliza swali lake tena. Nyumba yako ya huko ina mbegu ngapi? Anasema haragwe lako analijua kwa kugusa, lina kovu dogo ubavuni. Anataka za huko.

Rahabu

Mlimba
5 Desemba 1971

Dada,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nikairudia. Juu ya mama, ulifanya vizuri. Nisamehe kwa ile nyingine.

Mvua zimeanza, kazi ni ngumu. Hiyo fedha ni ya Krismasi, Secilia apate kitenge. Humo ndani kuna kitu cha Efrazia, alikiomba. Njegere huku hakuna, nimetumia choroko. Mpe mwenyewe mkononi.

Fanueli

Lukozi
16 Januari 1972

Kaka Fanueli, shikamoo.

Mama anakusalimu. Hakuniambia nianze na salamu zake safari hii, nimeziandika mwenyewe. Plamu zimezaa sana, zinaoza chini. Ndama jike amekuwa mkubwa. Kitenge kimenunuliwa, kimekunjwa, kiko sandukuni.

Barua yako niliichukua Lushoto nilipokwenda kwenye mkutano wa walimu. Niliihisi mfukoni njia nzima, ule uvimbe katikati ya bahasha, na nilijua. Nakuambia ukweli, nilifika kwenye daraja la chini nikasimama, nikafikiria kuutupa mtoni. Lakini uliandika nimpe mkononi, na mimi si mtu wa kuiba cha mtoto.

Nilimkuta mkekani na vipande vyake. Mama alikuwa anachambua mboga, Secilia anasuka kikapu cha ukindu mlangoni. Nikamwambia, baba ameleta ulichoomba. Aliruka! Akaifungua ile karatasi ya sigara kwa meno, akazimwagia kiganjani, na vidole vikaanza kazi. "Haragwe," akasema. "Haragwe jingine. Hii ndogo ni mtoto." Uso wake ukang'aa, kaka, akapaza sauti kwa nyumba nzima: "Kwa baba kuna wakubwa wawili na mtoto mmoja!"

Mama aliacha kuchambua. Sikuthubutu kumtazama Secilia, nilisikia tu ukindu umeacha kusuguana.

Yeye hakusikia kimya chetu, alikuwa na kazi. Alifungua fundo letu akapanga: bibi, mama, shangazi, baba, na njegere yake mwenyewe. Akazichukua za kwako akazisogeza, nyumba moja ikaingia kwa nyingine, kama nilivyowafundisha. Akapitisha kidole juu ya zote. "Nane," akasema. Kisha vidole vikasimama. Vikarudi nyuma. Akaligusa lile haragwe lenye kovu, akaenda upande wa pili akagusa moja la kwako, akakunja uso.

"Shangazi, tumekosea. Baba yumo mara mbili. Wewe ulisema mtu mmoja mbegu moja, anahesabiwa anakolala." Akaniinulia uso. "Nimtoe huku, au nimtoe kule?"

Secilia aliinuka akasema anakwenda kumkatia ng'ombe majani. Majani yalikuwa yamejaa horini, mwenyewe alikuwa ameyakata asubuhi. Mama, ambaye hajawahi kuhesabu mtu maisha yake yote, alinyoosha mkono akalifunika haragwe lako kwa kiganja, lile la upande wetu, akakaa hivyo, asilitoe wala asiliache. Nililia, na Efrazia akauliza nani analia, nikasema ni moshi.

Nilikuwa nimekuandalia matusi. Njiani nilikuwa nimeyapanga vizuri. Nimeyaacha, maana mtoto amekuuliza jambo kubwa kuliko matusi yangu, na ameuliza bila hasira. Ulipotuma zile mbegu ulimjibu kweli, hilo nakusifu, ulimheshimu kuliko ulivyotuheshimu sisi. Mmalizie basi.

Mbegu ziko mkekani, pembeni karibu na ukuta, zote nane. Amekataza mtu asifagie pale mpaka jibu lije. Asubuhi kabla ya shule huzipitia kwa vidole kuhakikisha hatujagusa. Secilia akipita huzizunguka. Mimi ndiye mwalimu wake, na hesabu hii nimekataa kuifanya. Mwandikie wewe, au njoo ulitoe haragwe kwa mkono wako, huku au kule. Ukiandika nitamsomea ulivyoandika, neno kwa neno, mbele ya mama yake.

Dada yako,
Rahabu